Betri ya Mama Si ya Simu

Nyumba namba 14, ghorofa ya pili
Jumapili, 4 Mei

Mpendwa kitinda mimba wetu,

"Kila ukiipima betri, unaila." Maneno hayo ni yako, ulimwambia Mama kwa simu mwaka jana, nami leo nimekaa kuyabomoa. Lakini adabu kwanza. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Kile kikohozi cha mwanao kimekwisha? Sisi tu wazima, ila mimi nina magoti, na hasira, ambayo haina dawa.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanicheka, nami nikichekwa nasahau hoja.

Wewe ni fundi wa simu, tena hodari, sikatai. Lakini kifaa alichowekewa Mama chini ya ngozi ya kifua, kiusukume moyo wake unapozembea, si simu. Hakichajiwi. Tangu ulipotamka, ameruka vipimo viwili vya kila miezi sita. Ameacha hata kushuka ngazi. Anakaa kwenye kiti cha dirishani tangu asubuhi, mikono mapajani, eti anabana matumizi. Juzi nilimkuta anajizuia kucheka.

Nikamwambia twende kliniki. Akanijibu, "Wewe mwanangu umesoma vitabu. Mwenzio amesoma betri."

Niliumia, sitakuficha. Nimebishana na wahariri wa magazeti na wakuu wa shule, wakanyamaza. Kwa Mama sina kauli. Mimi ndiye ninayemkata kucha na kujua kidonge kipi humezwa kabla ya chai. Wewe unatuma ujumbe wa sauti wa dakika moja, anausikiliza mara tatu, kisha anawaita majirani. Kutwa ni "mwanangu wa mbali kasema". Wa karibu akisema, ni kelele za redio. Ndiyo, naona wivu, na mvi zangu zote hizi.

Basi Alhamisi nilikwenda kliniki peke yangu nikamkabili mtaalamu wa vipimo, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Nikamtolea hoja yako kama ilivyo. Akasema kipimo hakili betri kiasi cha kusumbua mtu. Anaweka kisomeo juu ya kifua, anatazama kompyuta, basi. Ila hapo ndipo anapoweza kupunguza nguvu ya msukumo, akiona moyo unatosheka na mdogo. "Nikiupunguza, betri inadumu. Asipokuja, nitaupunguzia wapi?"

Nikamuuliza habari ya kukaa kitini. Akasema kwa moyo kama wa Mama, akitembea unachangamka na kupiga wenyewe, kifaa kinapumzika. Akikaa unazembea, kifaa kinahangaika. Kumbe mwaka mzima Mama amekaa pale akiimaliza betri anayodhani anaiwekea akiba!

Kipimo cha mwisho kilionyesha imebaki kama miaka miwili. Mmoja umepita. Lazima ijulikane mapema kifaa kitabadilishwa lini, kabla hakijadhoofika naye amelala. Nimemchukulia miadi ya Jumatano, tarehe 28.

Nilimweleza yote haya, polepole, bila kufoka. Akanitazama kwa huruma. "Fundi wangu hajasema."

Mjomba anakusalimu sana, na jirani yetu mshona nguo pia. Msalimie wifi, mpakate mwanao kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko uliko, akujalie riziki nyingi na ushauri mchache.

Sasa nisikilize. Ukimaliza kusoma, mpigie Mama siku hiyohiyo. Usiseme "dada kaniambia"; ukinitaja, umeharibu. Mwambie ulikosea wewe, na wewe ndiye unayemtaka ashuke ngazi tarehe 28. Atashuka kwa ajili yako, najua. Mimi nitamshika mkono.

Dada yako akupendaye, hata wiki hii,
Wa Kwanza