Kila Asubuhi Natembea Upande Wako

Buhongwa,
Mwanza.
17 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Modesta,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, shikamoo yako ya kwenye barua niliipokea vizuri. Hujambo wewe? Shemeji Josephat hajambo, na mguu wake umepona? Mwanao Leokadia anaendeleaje na uzazi, maziwa yanamtoka? Na mjukuu wetu Evelina, analala usiku au anawakesha? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ni mimi tu niliyetikisika kidogo, na nataka nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Uliponiandikia kwamba mtoto mmempa jina la mama, na kwamba mimi ndiye nitakayemsimamia ubatizo, nilikaa mlangoni nikalia. Shemeji yako Masalu akatoka mbio, akadhani kuna msiba huko kwenu Songea. Nikamwambia ni furaha. Akasema, "Basi wewe furaha unailia vibaya." Hakujua. Tangu tumzike mama hatujaonana mimi na wewe, Modesta. Wakati mwingine nasahau sauti yako ilivyo, naogopa.

Shida yangu ni presha. Daktari wa zahanati alinipima Januari akasema mpaka ishuke, hakuna cha kupanda treni wala mabasi ya siku nne. Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze mafuta na chumvi na nitembee asubuhi. Si unajua siku hizi maduka yamejaa, mafuta ya kila rangi, siagi ya kopo, soda mpaka vichochoroni. Tumenenepa wote, tukadhani ndiyo afya.

Basi Kwaresima ilipoingia, alikuja sista mmoja muuguzi kwenye jumuiya yetu, akatufundisha habari za chakula safi. Tukakubaliana hadi Pasaka tuache mafuta, sukari na nyama. Halafu kwa desturi yetu kila mmoja anasimama kutaja mbele ya wenzake kitu kingine atakachoacha. Mama Kashindye, jirani yangu, akataja soda. Mimi niliposimama roho ikanipanda. Nikataja ugali, nikataja samaki, nikataja na maziwa. Mama Kashindye akaniuliza, "Dorotea, sasa umebakiza nini, maji ya baraka?" Walicheka sana. Mimi nikakaza shingo, maana moyoni nilijiambia nikifunga sana na kutembea sana presha itashuka haraka, nitawahi ubatizo.

Natembea barabara ya Shinyanga hadi darajani, halafu narudi. Ningeweza kwenda Nyegezi, ziwani, kuna upepo mzuri, lakini kwenda Nyegezi ni kukupa mgongo. Huku mabasi ya kusini yananipita, na mimi naelekea huko huko yanakoelekea. Najisikia kama nimeanza safari.

Nikaona asubuhi haitoshi, nikaongeza na jioni. Tumboni ni mchicha wa kuchemsha na papai. Ijumaa moja sikula hata hicho. Nilipofika darajani miguu ikaishiwa nguvu, sikujua tena kilichotokea. Kufumbua macho, namwona mzee Ngosha, yule anayeleta maziwa kwa baiskeli kutoka Usagara, ananiwekea kikombe mdomoni. Usinicheke, Modesta: nilikataa. Nikamwambia leo Ijumaa, na maziwa nimeyawekea nadhiri. Akasema, "Mama, kunywa. Mungu akiuliza, mwambie ni Ngosha."

Nikanywa. Akanipakia kwenye baiskeli, madumu yakining'inia huku na huku, akanisukuma Buhongwa nzima ikitazama. Njia yote analalamika: "Mtu anakula majani ana uzito huu! Akila ugali si atapasua tairi?"

Daktari alinigombeza kama mtoto. Alisema mwili huwezi kuunyima chakula na papo hapo ukautuma kazi. Nikaenda kwa Padre Pius, akaniondolea ile nadhiri. Aliniambia mimi sikuwa nafunga, nilikuwa nashindana. Alisema kweli. Sasa nakula ugali kiasi na samaki wa kuchemsha, maziwa kidogo, natembea asubuhi tu. Mafuta na sukari bado nimeviacha pamoja na wenzangu. Kumbe kufunga kulikuwa rahisi. Kigumu ni huku kula kidogo na kungoja.

Siku ya kwanza kumrudia samaki nilipika sato. Bila kufikiri nikakitenga kichwa pembeni ya sahani, kama tulivyokuwa tukikutengea wewe kwa mama. Masalu akauliza ni cha nani.

Sasa ombi langu. Ninyi mmepanga ubatizo Jumapili inayofuata Pasaka, na daktari atanipima mwishoni mwa Aprili. Sitawahi. Najua mtoto hacheleweshwi ubatizo, na mimi mwenyewe nimewafokea wengi hapa jumuiyani kwa jambo hilo. Lakini leo nakuomba mnisubiri hadi Pentekoste. Mtoto akiugua, au Padre wenu akikataa, msinisubiri hata siku moja, bibi yake wa upande wa baba amshike. Nitashukuru. Ila natamani nimshike mimi, Modesta, wewe ukiwa ubavuni kwangu, tulisikie jina la mama likitajwa kanisani.

Nisalimie Shemeji Josephat, Leokadia na mumewe, na mama mkwe wako. Masalu anakusalimu, na Mama Kashindye pia, anasema soda bado hajaigusa. Bikira Maria awafunike wote kwa vazi lake, na huyo mdogo amfunike mara mbili.

Kesho alfajiri nitakwenda tena hadi darajani, nisimame kidogo nikitazama huko uliko, kisha nirudi. Nijibu upesi, tafadhali, nijue kama mtanisubiri.

Dada yako asiyechoka kukukumbuka,
Dorotea