Uso wa Bibi Mal-rye

Goheung, 4 Machi

Mdogo wangu Byeong-ju,

Natumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjambo. Mimi mzima, ila hasira imenikaba, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi.

Jana Bibi Mal-rye aliingia studio na fimbo yake bila kuvua viatu. "We Hyang-ja, tangu lini mimi nauza gundi ya meno bandia?" Akapanua kinywa. "Hesabu! Yote yangu!" Nikadhani ni utani wake. Akanivuta hadi kituo cha basi. Ile picha niliyompiga vuli iliyopita, amevaa hanbok, vazi letu la jadi, picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake siku akifa, imebandikwa pale kubwa kama mlango, na chini yake kopo la gundi.

"Nilijipamba kwa ajili ya msiba wangu," akasema, "si kwa ajili ya fizi za watu."

Faili ile nilikupa wewe tu, ulipokuja Mwaka Mpya ukaninakilia picha zangu zisipotee. Umempa nani?

Dada yako,
Hyang-ja


Seoul, 15 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama, baridi inapungua.

Usinikasirikie. Nilimwonyesha Pyo wa hapa kazini, anayetengeneza matangazo, aliyenitangulia shuleni, siku tuliyokuwa tunakunywa. Akasema, "Hebu nitumie, nikaionyeshe mkutanoni tu." Unajua mwenyewe, mkubwa akikumiminia kinywaji unapokea kwa mikono miwili, akiomba kitu utamwambia nini? Ndiye aliyeniingiza kazini. Halafu picha haikuwa na jina lako. Pyo anasema bibi afurahi, amekuwa maarufu, na atampelekea katoni ya gundi. Tafadhali usilikuze jambo.

Mdogo wako,
Byeong-ju


Goheung, 29 Machi

Byeong-ju,

Habari za huko? Hapa Bibi Mal-rye amelazwa, mapafu.

Ukikuta baiskeli haina jina, huipandi ukaenda zako. Picha ilikuwa yangu tangu nilipobonyeza kitufe, na uso ni wake. Hakuna kati yetu aliyeulizwa. Hiyo katoni Pyo ampelekee mama yake.

Nimewaandikia wenye gundi. Wakili wao akajibu: thibitisha kuwa ni yako. Nikawatumia faili ya awali kutoka kwenye kamera, pamoja na zile ambazo amefumba macho na ile ambayo ananitukana. Sasa wamegeuza maneno: sawa, ni yako, lakini Pyo anasema uliruhusu kupitia kwa ndugu yako. Nataka kauli yako yenye sahihi kwamba sikuruhusu. Mistari miwili tu, na bango litashuka.

Nilimwambia bibi nimpige nyingine. "Na mipira hii ya hewa puani?" akanijibu. "Ile ndiyo niliyoichagua. Nirudishie."

Andika leo.

Dada yako,
Hyang-ja


Seoul, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Poleni kwa kuuguza.

Kauli nimeianza mara kadhaa. Nikitia sahihi, nitakuwa nimemwita Pyo mwongo mbele ya kampuni nzima. Nani atakaa meza moja na mimi tena? Nivumilie hadi mkataba wa tangazo uishe, mwezi wa sita. Bibi ni mgumu yule, atafika.

Mdogo wako,
Byeong-ju


Goheung, 2 Mei

Byeong-ju,

Hakufika.

Tulimzika juzi. Mwanawe aliiweka ile picha katikati ya maua meupe, maana hakuwa na nyingine. Watu wakaingia, wakaisujudia mara mbili kama desturi. Kitukuu mmoja akapaza sauti, "Bibi wa gundi!" Mtu akacheka puani, kisha mwingine. Mwanawe akainuka, akaigeuza picha ikatazama ukuta. Waliokuja baadaye walisujudia mgongo wa fremu.

Leo asubuhi nimefungua kesi. Nimewashitaki watatu: wenye gundi, Pyo, na wewe. Wito utakufikia hapo kazini. Utakachoulizwa ni kile kile nilichokuomba Machi, ila safari hii anayeuliza ni hakimu, na yeye hakusoma shule moja na wewe.

Tambiko la kumkumbuka marehemu baba mwaka huu nitalifanya peke yangu.

Seo Hyang-ja,
Mpiga picha