Upanga Nilioupiga Msasa

Mzee Barasa,

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike Namboboto, na bado nikifika Malaba miguu yangu inakata kona yenyewe kwenda chumbani kwako ulikouzia panga za kale, nyuma ya maegesho ya malori. Leo nimefungua. Mama, mkeo, alinipa ufunguo kwa mkono wake, akasema wewe ndiye uliyetaka hivyo.

Acha nikuambie ya siku ya kugawa vitu vyako. Nilifika nikakuta wake za wanao wamejaza beseni mchanga na sabuni, panga zako sita zimelazwa juu ya turubai. Walitaka wazee wakija wazikute zinang'aa, kwa heshima yako. Nilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka! Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Na ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Nimeziokoa zote isipokuwa ule mfupi, ambao walikuwa wameshausugua ncha.

Siwezi kuwalaumu. Unakumbuka nilivyokuja kwako mara ya kwanza na upanga wa babu, ule alioachiwa na watu wa misafara ya pwani? Nilikuwa na shida ya karo, nikaupiga msasa siku mbili ili upendeze. Uliugeuza-geuza pale dirishani ukitafuta alama ya mhunzi aliyeufua, karibu na mpini. Hukuiona. Ukanitazama: "Dada, nani alikutuma umwogeshe mzee wa watu mpaka jina litoke?" Nililia hapo hapo. Ukanipa chai, ukaununua kana kwamba haukuharibika, kisha ukaniambia nirudi kesho nijifunze. Mimi, muuza mitumba!

Ukanifundisha kutu: nyekundu inayobaki kidoleni ni ya juzi, nyeusi iliyong'ang'ania ni ya miaka. Ukanifundisha kuvua mpini kabla ya kutaja bei, maana "mwongo hupamba uso, mkia anausahau." Juzi jamaa mmoja alivuka mpaka, akanifuata kibandani kwangu cha mitumba na upanga uliochorwa mwezi mwandamo, akaniapia, "Madam, hii ni ya babu ya babu yangu, original." Nikauvua mpini. Mzee, ilikuwa springi ya lori, na tundu la bolti bado limo! Nikacheka, nikageuka nikuonyeshe. Kiti ulichozoea kukalia hapo kilikuwa kitupu. Hapo ndipo nilipojua kweli umekufa.

Leo nimefungua sanduku lako la chini. Miaka tisa nimeamini kwamba upanga wa babu ulimuuzia mnunuzi mmoja wa Kampala. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo bila kupepesa macho, na mimi ninajua kutambua uongo wa chuma tu. Umo humu. Umeufunga blanketi, umeupaka mafuta, na juu yake kuna karatasi yenye mwandiko wako: "Hauna bei sokoni. Huu ndio ulioniletea mwanafunzi."

Nimekaa nao mapajani tangu asubuhi. Asante, Mzee. Asante kwa chai ile, kwa uongo ule, kwa kutonicheka.

Nitautundika mlangoni. Na siku atakapoingia mtu na urithi wake aliousugua mpaka ukang'aa, nakuahidi, nitachemsha chai kwanza.

Pumzika, baba.

Nekesa