Shahidi wa Theluji Pwani

Jumatatu, 6 Novemba 1989

Nimepanda cheo! Kuanzia leo mimi si mpiga taipu tu — mimi ni Katibu wa kampuni ya Theluji Pwani. Kampuni yenyewe ni chumba kimoja hapa mtaa wa Barani, meza mbili, na Gerishom, mwenye kampuni. Lakini Gerishom anatosha! Anasema kiwanda cha barafu kitasimama kabla ya Pasaka, na yeyote hapa Malindi anaweza kununua hisa. Nimepiga taipu vyeti ishirini, nikavitia utepe mwekundu nilioununua mwenyewe. Chini kabisa: Wangu Njeru, Katibu. Nililitazama jina langu mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 9 Novemba

Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Mama Kahonzi, mwenye mikorosho kule Adu, alikuja kununua hisa tano. Cheti akakikubali, utepe akausifu. Halafu akauliza shahidi ni nani. Gerishom akamwonyesha muhuri. Mama akasema muhuri hauna mdomo. Kwao hata shamba la minazi haliuzwi mpaka shahidi anywe. Akatoa kibuyu cha pombe ya mnazi kikapuni! Saa tatu asubuhi! Muuzaji hawezi kuwa shahidi, basi nikanywa mimi — mimi, mwimbaji wa kwaya! Mafunda mawili.

Akaniambia, "Haya, mwanangu. Neno likiharibika siendi kwa huyu. Naja kwako."

Nikamwambia karibu sana, mama. Siku nzima herufi zilinipiga chenga. Jioni Gerishom alinisindikiza, akanishika kidole. Kimoja tu — lakini akakishika mpaka dukani kwa Mzee Kiponda!

Jumanne, 14 Novemba

Gazetini leo: Nairobi kutaundwa mamlaka ya kusimamia soko la hisa. Anayewauzia watu hisa atalazimika kuandika kila kitu — kampuni ni ya nani, pesa zitafanya nini, hata mambo yanayoweza kwenda mrama. Akificha, anazuiwa. Niliruka kitini. Si ndiye shahidi wa Mama Kahonzi huyo! Shahidi mwenye ofisi na simu!

Nilimsomea Gerishom. Akasema sheria bado changa, tuiache ilale. Ana haya, mpenzi wangu. Hapendi kujionyesha.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimefanya jambo! Mamlaka yenyewe bado, basi nimewaandikia Hazina ya serikali, Nairobi, nikaambatanisha cheti kimoja, utepe na yote. Nimeomba tuwe wa kwanza Pwani nzima kukaguliwa. Gerishom hajui — itakuwa zawadi yake ya Krismasi. Niliibusu bahasha, kisha nikatazama kama karani wa posta ameniona. Ameniona!

Alhamisi, 30 Novemba

Wanunuzi arobaini na mmoja! Nusu ya kwaya imo. Mama Kahonzi amepita kuuliza kiwanda kitasimama wapi hasa. Nikaona sijui. Nikanyoosha mkono kuelekea baharini, tukacheka. Gerishom anasema mtambo uko melini, unakuja. Meli gani? Nimesahau kumuuliza. Alikuwa amevaa lile shati la buluu.

Jumatano, 6 Desemba

Wamejibu! Afisa atakuwa Malindi Jumatano ijayo. Angependa kuona kiwanja, mtambo, na orodha ya wenye hisa. Nilimsomea Gerishom nikiwa nimesimama, kama naimba. Hakucheka. Aliniuliza niliandika lini. Akauliza tena. Kisha akasema nimefanya vizuri sana, sana, akatoka akiacha kofia. Moyo unadunda. Ni furaha, nadhani.

Nimenunua utepe mwingine.

Jumatano, 13 Desemba

Naandika mezani, kwa penseli. Afisa yuko mbele yangu — Bwana Musembi, mpole, miwani mizito. Nimempa soda. Anadhani naandika mambo ya ofisi.

Gerishom hayupo. Tangu Jumapili! Mwenye nyumba anasema amebeba hata godoro. Droo yake tupu, muhuri hakuna. Na mimi nimemwambia afisa, "Ametoka kidogo." Kidogo! Nataka kucheka na machozi yanakuja, mjinga mimi. Kidole changu kile nimekikalia.

Bwana Musembi amevisoma vyeti polepole. Anasema jina la mkurugenzi halipo popote. Kuna jina moja tu. Anauliza Wangu Njeru ni nani.

Hodi mlangoni. Mama Kahonzi, na kikapu chake. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba bila kuketi. Bwana Musembi amemwambia kwa adabu kwamba mwenye kampuni anatafutwa.

"Simtaki huyo," mama amejibu. "Nimemfuata shahidi wangu. Yule pale, anayeandika, aliyekunywa mnazi wangu."

Bwana Musembi ameweka soda chini. Ameniuliza kama ni kweli nilikunywa.

Nimesema ndiyo. Mafunda mawili.

Sasa anafungua daftari lake. Nakala za kaboni za kila cheti, majina yote arobaini na moja, ziko kwenye droo yangu ya chini. Gerishom hakujua kama naziweka. Ufunguo ninao shingoni, nauvua, na mama amevuta kiti karibu yangu —