Niliingia Wodini na Sare Yangu ya Zamani

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, leo naituma hivyo hivyo kabla sijabadili mawazo, naomba unisaidie.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tisa, nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne katika wodi ya wazazi, na mwaka jana niliacha nikaenda kusomea utangazaji, kitu nilichokitamani tangu nikiwa shuleni, na mama mkwe hadi leo hajanisamehe, kila mgeni akija anamwambia, "Huyu alikuwa na kazi yake nzuri, sasa anaongea na ukuta." Nikapata nafasi ya majaribio kwenye redio moja, miezi sita, na huko wenzangu wote ni rika la mdogo wangu wa mwisho, wananiita Sista, wananicheka eti nasoma habari kama ninayekabidhi zamu. Nimevumilia, nikajifunza kuhariri sauti, nikajifunza kushika kipaza sauti bila kutetemeka, lakini habari ya kunifanya nijulikane sikuwa nayo.

Wiki iliyopita mhariri akasema anataka habari ya akina mama wanaojifungulia sakafuni katika hospitali niliyokuwa nafanya kazi, uongozi wa hospitali ulikuwa umetunyima kibali cha kuingia, akanitazama mimi, akasema, "Sista, wewe pale ni kwenu." Basi nikaenda nyumbani nikafungua kabati, nikavaa sare yangu ya zamani, simu ikirekodi mfukoni, nikaingia. Mlinzi akasema, "Sista, hatimaye umerudi!" nami nikacheka, nikapita. Kitanda cha dirishani nikamkuta binti aliyejifungua siku moja kabla, nikamuuliza kama nilivyozoea kuwauliza wagonjwa, uchungu ulianza saa ngapi, nani alikupokea, hii ni mimba ya ngapi, naye akanijibu yote, jinsi alivyojifungulia kwenye korido akiwa peke yake, na kwamba kabla ya huyu alishabeba mimba nyingine ambayo mumewe haijui. Mtoto alikuwa chumba cha joto, amezaliwa kabla ya wakati. Akanishika mkono akauliza, "Sista, mwanangu ataanza lini kunyonya?" Nikamwambia subiri nikakuulizie. Sikurudi, mshauri. Nilikimbilia studio.

Mhariri aliposikia sauti ile aliinuka kitini. Anasema itarushwa mwisho wa mwezi, na baada ya hapo naajiriwa moja kwa moja. Niliingiaje, hakuniuliza na mimi sikumwambia. Mume wangu anasema, "Si hamtaji jina lake? Tatizo liko wapi?" Lakini kila nikiisikiliza natokwa na machozi. Niiache iende, au niseme ukweli nipoteze kazi, nirudi nyumbani kusimangwa na mama mkwe?

Ni mimi,
Sista wa Redio

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na sasa kaa vizuri nikuseme.

Kuacha kazi uliyoimudu ukaanza upya chini ya watoto wa juzi si mchezo, na kwa hilo nakuvulia kofia. Mama mkwe mwache, mdomo ni wake.

Lakini hilo la sare, hapana! Mumeo anauliza tatizo liko wapi? Muulize, akisikia sauti yako redioni, anahitaji kutajiwa jina ndipo akujue? Yule binti ana mume, ana mawifi, ana majirani wenye redio. Siri ile alimpa muuguzi, akidhani inaandikwa kwenye faili. Angejua wewe ni mwandishi wa habari, angefunga mdomo, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana unalia.

Na jingine limenikera zaidi. Umenieleza ajira, mhariri, mpaka mama mkwe, lakini mtoto wa watu kama ananyonya, hujui. Mama yake bado anakusubiri!

Sasa sikiliza. Kesho, saa za kuona wagonjwa, nenda na gauni lako la kawaida. Kwanza muulize muuguzi wa zamu hali ya mtoto, umpelekee mama yake jibu. Kisha mwambie wewe ni nani, na omba radhi. Mwache akasirike, ana haki. Usimwombe ruhusa ya chochote siku hiyo, maana mtu aliyelala kitandani hakatai vizuri. Futa ile sauti mbele yake. Kama ameshatoka, waombe wauguzi wenzako wa zamani wamfikishie ujumbe wako, na ufute vilevile.

Kutoka hapo, nyoosha kwa mhariri, mweleze yote kabla hajakaa, na nakala iliyoko studio ifutwe pia. Anaweza kukufukuza. Utaumia, sikufichi, ila redio si moja, na ni afadhali ajue haya leo kwako kuliko kesho kwa mume wa yule binti.

Akikupa nafasi ya kuongea, mwambie habari bado ipo. Miaka kumi na minne, dada! Wangapi uliwapokea sakafuni, ukajaza fomu, ukaenda kunywa chai? Mgonjwa yeyote usimtaje. Kaa mbele ya kipaza sauti, useme jina lako kamili, ueleze ulichokiona pale na kwa nini ulinyamaza.