Mitumbwi Kumi na Mmoja ya Mzee Mayala

Jumatatu, 6 Julai 1998
Fildi ya chuo imeanza, kwenye benki mpya ya binafsi. Bwana Ponsian, mkuu wa mikopo, katuambia siku hizi kukopeshana kwa kujuana kumekwisha. Anatafuta mtu wa kupima: huyu akikopa, pesa inaweza kupoteaje? Nikasisimka — ndiyo kazi ninayoitaka! Tukimaliza chuo ataajiri mmoja. Kamchagua Odeta, mwanachuo mwenzangu, akae naye. Mimi? Kaunta, kupanga hati za malipo.

Jumatano, 8 Julai
Kesho Odeta anakwenda kisiwani, Nansio, na bosi kukagua mitumbwi ya dagaa ya mzee Mayala, anayeomba mkopo. Nansio! Kwetu! Yeye wa Kiseke, mtoto wa mjini, hata kasia hajawahi kushika. Wivu unaniunguza, sifichi.

Ijumaa, 10 Julai
Karudi, anatamba. Mitumbwi kumi na mmoja, yote ufukweni, kaigusa kwa mkono wake. Mzee kawachinjia kuku. Bosi kamsifu mbele ya watu wote: huyu binti ana jicho!

Jicho gani? Jana mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa gizani, wakifuata mwanga wa taa za karabai. Mbalamwezi ikiwaka hakuna anayeingia ziwani. Mitumbwi ya kijiji kizima inalala ufukweni, na mwenye mdomo anaweza kusema yote ni yake. Mayala namjua tangu utoto. Ana miwili. Bosi mtu wa Bukoba, wa kahawa na ndizi, atajulia wapi?

Nilitaka kusema, kweli. Odeta akaniwahi: usijali mwaya, kaunta nayo ni kazi. Nikarudi kwenye hati zangu.

Jumapili, 19 Julai
Kesho kamati ya mikopo. Odeta kaja chumbani kwangu Butimba, kanisomea ripoti yake yote. Ina jina lake peke yake. Mkopo ukipotea, naye kapotea. Kumbe anaogopa!

"Mwenzangu, wewe wa kule. Kuna hatari niliyoisahau?"

Nikasema hakuna. Iko sawa.

Akanikumbatia. Hana blauzi ya kuvaa mbele ya kamati, anaomba ile yangu nyeupe. Nimempa. Sasa anaoga, anaimba wimbo wa kanisani. Ukuta ni mwembamba, nikimwita atasikia.

Makaa ya pasi yameshika. Naanza na kola.