Waffle ya Pili

Burnsville, Minnesota

Dada yangu Jeptoo,

Miaka tisa nimekuficha kilichonizuia Brussels mlipomzika mama. Nilikwambia ndege iliharibika, nanyi mkaliacha jeneza juani hadi saa kumi mkinisubiri mimi, kifungua mimba, nitupe udongo wa kwanza.

Daktari ameniambia nimebakiza wiki chache. Leo binti yangu Joan alinipashia waffle, ile keki yenye vishimo kama sega la nyuki. Sikuweza kuimeza.

Brussels nilikuwa na saa sita za kungoja ndege ya Nairobi, nikaingia mjini kutafuta waffle. Mama mmoja Mkongo alinisikia nikinung'unikia bei kwa Kiswahili, akacheka.

"Baba, hizi za krimu ni za watalii. Kuya na mimi huku."

Akanipeleka kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Waffle ya hapo ilikuwa ya moto, sukari imeungua pembeni, tamu sana.

"Unasafiri wapi?"

"Naenda kumzika mama."

"Basi kula mbio, Baba. Ndege haitakungoja."

Ndege ilikuwa nzima, Jeptoo, na muda wa kuiwahi nilikuwa nao. Niliogopa kumwona mama amelala jenezani, nikaagiza waffle ya pili.

Kaka yako,
Kiprop